Tamthilia ya uhalifu inapotengenezwa upya Marekani: maana yake, na yaliyoikuta The Killing

Kutengeneza upya tamthilia ni kununua haki ya hadithi iliyokwisha kuonyeshwa kwingine, kisha kuiandika tena, kuiigiza tena na kuipiga picha tena, kwa waigizaji wapya, katika mji mwingine na kwa lugha ya watazamaji wapya. Wengi huiita rimeki. Si sawa na kutia sauti. Tamthilia za Kituruki tunazozisikia zikizungumza Kiswahili kwenye Azam TV bado ni za Kituruki: sura ni zilezile, Istanbul ni ileile, kilichobadilika ni sauti. Wala si ile kazi ya kina Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, waliochukua filamu za watu wakazisimulia juu kwa juu kwa maneno na vionjo vyao. Kwenye rimeki, picha za mwanzo hazitumiki kabisa. Kinachosafiri ni hadithi: nani kauawa, nani anapeleleza, nani anashukiwa, siri ipi inafichuka lini.

Kwa upande wa mkataba, mnunuzi hupata leseni ya kutumia wahusika, mtiririko wa matukio na skripti zilizokwisha kuandikwa. Mtunzi wa kwanza mara nyingi hutajwa kwenye orodha ya majina na kulipwa, lakini kalamu inashikwa na mtu mwingine. Mtu huyo, pamoja na kundi lake la waandishi, ndiye anayeamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Uamuzi huo ndio kiini cha jambo lote hili, na ndio unaoeleza kwa nini tamthilia moja inavuka bahari ikashinda na nyingine inazama ndani ya msimu mmoja.

Hadithi za uhalifu zinapendwa sana na wanunuzi, na sababu yake inaonekana. Maiti ikiokotwa alfajiri kando ya maji, mtazamaji wa Lima na wa Chicago wanauliza swali lilelile. Fumbo limekwisha kupangwa, limekwisha kujaribiwa kwa watu na likashika. Kwa mwenye kituo cha televisheni anayehofia kupoteza fedha, hicho ni kitu cha kununua bila kusita. Lakini hadithi ya uhalifu ndiyo iliyofungamana na mahali pake kuliko nyingi nyingine. Inaonyesha polisi wa nchi ile wanavyofanya kazi, mwanasiasa wa pale anavyojikinga, jirani anavyomtazama jirani, familia inavyobeba msiba. Ukiing'oa, hayo yanabaki kwao. Aliyenunua inambidi atafute ya kwake ya kuweka mahali pale, na asipoyapata anabaki na fumbo tupu.

Nitaeleza zaidi kwa tamthilia moja, Forbrydelsen ya Denmaki, ambayo Marekani iliitengeneza upya kwa jina la The Killing, kwa sababu hakuna mfano unaoonyesha pande zote mbili kwa uwazi kama huu.

Forbrydelsen ilianza kuonyeshwa Januari 2007 na DR, shirika la utangazaji la umma la Denmaki. Mtunzi wake ni Søren Sveistrup. Msimu wa kwanza una sehemu 20, na kila sehemu ni siku moja ya upelelezi, basi: siku 20, mauaji moja, msichana mmoja wa miaka 19 aitwaye Nanna Birk Larsen. Hadithi inakwenda kwa njia tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mpelelezi Sarah Lund, aliyechezwa na Sofie Gråbøl. Ya pili ni ya wazazi wa Nanna, wenye kazi ya kuhamisha mizigo ya watu majumbani. Ya tatu ni ya Troels Hartmann, mwanasiasa anayegombea umeya wa Copenhagen, ambaye gari lililokutwa na maiti ni la kampeni yake.

Urefu ule haukuwa wa bahati. Tamthilia nyingi za polisi humaliza kesi kwa saa moja, na marehemu husahaulika kabla hata jina lake halijazoeleka. Hapa marehemu ana chumba, ana viatu, ana wadogo zake wanaouliza atarudi lini. Katika DR, chini ya Ingolf Gabold aliyeongoza idara ya tamthilia, kulikuwa na kanuni kwamba kila tamthilia iwe na hadithi mbili ndani ya moja: ile inayomvuta mtu asubiri wiki ijayo, na nyingine chini yake inayozungumzia jamii. Kanuni nyingine ilimpa mtunzi sauti ya mwisho juu ya kazi yake. Shirika lilikuwa likiendeshwa kwa ada inayolipwa na wananchi, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kukata hadithi kila baada ya dakika chache kupisha tangazo la sabuni.

Kuna tukio katika sehemu ya kwanza ambalo mtu akishaliona haliondoki kichwani. Polisi wanalitoa gari majini. Baba yake Nanna anafika pale akiwa kwenye simu na mkewe, anaelewa kilichomo kabla hajaambiwa, anajaribu kupita kwa nguvu, anazuiwa, na analia. Mama yuko upande wa pili wa simu. Hakuna aliyempa habari. Anasikia tu sauti ya mumewe na kutoka hapo anajua. Kamera haina haraka naye. Sijaona tamthilia nyingi za polisi zinazompa mzazi muda wa namna ile.

Mwanzoni mwa 2011 BBC Four iliionyesha Uingereza kwa Kidenmaki, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Ikapata watazamaji waaminifu na mwaka uleule ikatwaa tuzo ya BAFTA ya tamthilia za kimataifa. Hata sweta ya sufu aliyovaa Lund, iliyofumwa kwa mtindo wa visiwa vya Faroe, ikawa inatafutwa madukani.

Wamarekani hawakuionyesha hivyo. Kituo cha kebo cha AMC kilinunua haki, kikamkabidhi Veena Sud kazi ya kuiandika upya, na tarehe 3 Aprili 2011 The Killing ikaanza. Copenhagen ikawa Seattle, ingawa picha zilipigwa Vancouver, Kanada. Sarah Lund akawa Sarah Linden, aliyechezwa na Mireille Enos. Nanna akawa Rosie Larsen. Troels Hartmann akawa Darren Richmond, naye anagombea umeya. Lund alikuwa siku yake ya mwisho kazini kabla ya kuhamia Uswidi kwa mchumba wake. Linden yuko siku ya mwisho kabla ya kuhamia California kuolewa. Sweta ipo. Mvua ipo, tena nyingi kupita kiasi. Hata lile tukio la simu lipo, na Brent Sexton na Michelle Forbes, wazazi wa Rosie, wanalifanya vizuri mno.

Sehemu za mwanzo zilipokewa kwa shangwe, zikapata na uteuzi wa tuzo za Emmy. Tatizo lilikuwa katika hesabu ya sehemu na katika ahadi. Msimu wa AMC ulikuwa na sehemu 13, wakati hadithi ya Kidenmaki ilihitaji 20. Na matangazo ya tamthilia yalijengwa juu ya swali moja: nani alimuua Rosie Larsen? Watu waliofuatilia kuanzia Aprili mpaka Juni walikuwa wakisubiri jina. Tarehe 19 Juni sehemu ya mwisho ikafika. Richmond akakamatwa, kisha Linden, akiwa tayari ndani ya ndege, akagundua kuwa picha iliyomtia mtu yule hatiani ni ya kughushi. Skrini ikawa nyeusi. Jibu likaachwa mpaka mwaka uliofuata.

Hasira zilizofuata zilikuwa kubwa. Wakosoaji waliokuwa wameisifu tamthilia ile miezi michache nyuma waliandika kwamba wamefanyiwa hila, na msimu wa pili ulipoanza 2012 watazamaji walikuwa wamepungua. Muuaji alitajwa mwishoni mwa msimu huo, katika sehemu ya 26, na si yule wa Denmaki. Kubadilisha muuaji kulikuwa uamuzi wa busara, maana jina la yule wa Copenhagen lilikuwa limeenea intaneti kwa miaka minne. Lakini wengi hawakuwepo tena kulisikia. AMC ikaifuta Julai 2012.

Hapa kuna jambo ambalo wakosoaji wengi hulipita. Wadenmaki nao walisubiri. Sehemu kumi za kwanza za Forbrydelsen zilionyeshwa kuanzia Januari hadi Machi 2007, na kumi za pili zikaja Septemba hadi Novemba. Pengo la miezi sita hivi! Kwa hiyo mtu akisema Mmarekani hana subira na Mdenmaki anayo, hajaeleza kitu. Kule kazi iliandikwa tangu mwanzo kama msimu mmoja wa sehemu 20, na pumziko liliangukia katikati ya safari iliyokuwa ikijulikana mwisho wake uko wapi. Marekani, sehemu ya 13 ilivaa nguo za mwisho. Iliitwa mwisho wa msimu, ikatangazwa kama mwisho wa msimu, na swali lililowaita watu kwenye televisheni likabaki palepale. Walichonunua AMC ni hadithi. Muda wa kuisimulia hawakuununua, na kwa hadithi hii muda ndio uliokuwa na thamani kubwa zaidi.

Sasa upande wa pili wa The Killing, ambao naupenda na ambao hausemwi vya kutosha. Mshirika wa Lund kule Denmaki, Jan Meyer, ni polisi mwenye papara, mtu wa familia, anayegombana na Lund kila siku. Veena Sud hakumnakili. Alimwandika Stephen Holder, kijana aliyewahi kuwa mtumwa wa dawa za kulevya, kahamishwa kutoka kitengo cha madawa, amevaa kofia ya sweta yake, anaongea lugha ya mtaani, na hujui kama umwamini. Joel Kinnaman, mwenyewe mzaliwa wa Stockholm, alimcheza kwa namna ambayo hata waliochoka na tamthilia waliendelea kumfuata yeye. Holder ni mtu wa Marekani kabisa. Hawezi kupatikana Copenhagen. Pale waandishi walipoacha karatasi ya Kidenmaki na kuangalia nje ya dirisha lao, tamthilia ikapumua.

Na msimu wa tatu, wa 2013, unalithibitisha hilo. Tamthilia ilifufuliwa kwa makubaliano yaliyoihusisha Netflix, na safari hii kesi haikutoka Denmaki. Ilihusu wasichana wanaoishi mitaani Seattle, ambao wakipotea hakuna anayetoa taarifa, na mfungwa anayesubiri kunyongwa, aliyechezwa na Peter Sarsgaard. Hukumu ya kifo haipo Denmaki. Ni hofu ya Kimarekani, yenye sheria zake, tarehe zake na vyumba vyake, na sehemu ile inayohesabu saa za mwisho za mfungwa ni miongoni mwa saa bora za tamthilia nzima kwa maoni yangu. AMC iliifuta tena baada ya hapo, na Netflix ikaimalizia kwa sehemu 6 mwaka 2014.

Jambo hilihili, kwa sura nyingine, lilitokea kwa daraja. Bron, yaani Daraja kwa Kiswidi, au Broen kwa upande wa pili wa maji, ilitolewa 2011 kwa ushirikiano wa Uswidi na Denmaki. Maiti imelazwa katikati ya daraja la Øresund linalounganisha Malmö na Copenhagen, juu ya mstari wa mpaka wenyewe. Wakimnyanyua wanakuta ni nusu mbili za wanawake wawili, mmoja wa kila nchi. Mpelelezi wa Uswidi, Saga Norén, na wa Denmaki, Martin Rohde, wanalazimika kufanya kazi pamoja. Nchi zile mbili zinafanana, zinaelewana lugha kwa kiasi, zote zina uwezo. Utamu mwingi unatoka kwenye tofauti ndogondogo, hasa Saga asivyojua kusema uongo hata pale adabu inapodai.

Waingereza na Wafaransa walihamisha maiti ile kwenye reli ya chini ya bahari wakaiita The Tunnel. Kituo cha FX cha Marekani kiliihamishia mwaka 2013 kati ya El Paso ya Marekani na Ciudad Juárez ya Meksiko. Nusu moja ikawa ya jaji wa Kimarekani, nyingine ya msichana wa Kimeksiko. Mpaka ukageuka jambo zito papo hapo. Jaji mmoja anatafutwa na majeshi ya polisi. Wasichana wa Juárez walikuwa wameuawa kwa miaka mingi na kesi zao zikalala. Swali likawa kwa nini uhai wa upande mmoja una bei kuliko wa upande wa pili, swali ambalo daraja la Øresund halikuweza kuliuliza. Diane Kruger na Demián Bichir waliongoza, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa ya Kihispania yenye maandishi chini. Mahali palichaguliwa kwa akili. Kosa, naona, ni kwamba walibeba pia yule muuaji wa Skandinavia mwenye mipango tata na kisasi cha binafsi, akala muda ambao Juárez iliuhitaji. Msimu wa pili ulimwacha, ukawa bora, lakini watazamaji walikuwa wachache na tamthilia ikafutwa 2014.

Wengi husema sababu ya kutengeneza upya ni lugha: Mmarekani hapendi kusoma chini ya picha. Hoja hiyo ina ukweli, hasa kwa miaka ile. Ila haielezi Gracepoint. Broadchurch ya Uingereza, iliyoandikwa na Chris Chibnall, ilionyeshwa ITV mwaka 2013 kwa Kiingereza, na mwaka huohuo ikaonyeshwa Marekani kwenye BBC America. Mwaka mmoja baadaye Fox ya Marekani ikatoa rimeki yake, ndiyo hiyo Gracepoint, ikiihamishia California, na mpelelezi mkuu akachezwa na David Tennant yuleyule, sasa kwa lafudhi ya Kimarekani na jina la Emmett Carver badala ya Alec Hardy. Mwongozaji wa mwanzo alikuwa James Strong yuleyule. Ukiziweka sehemu za kwanza sambamba utaona picha zinazokaribia kuwa pacha. Sehemu 8 zikawa 10, wakaongezwa washukiwa wa kujaza nafasi, na mwisho ukachezewa kidogo. Ilidumu msimu mmoja. Mwenye kuitaka hadithi ile alikwisha kuiona, na asiyeijua hakupewa mji wowote wa kweli wa California wa kuujali. Wale waliokuwa wameona majabali ya Dorset, pwani ya Uingereza inayoonekana kwenye Broadchurch, walibaki wakiyakumbuka hayo.

Orodha ya Waingereza waliozama Marekani ni ndefu. Cracker, iliyompa jina Robbie Coltrane, ilijaribiwa na ABC 1997 bila kudumu. Prime Suspect ya Helen Mirren, iliyoanza 1991 na kumwonyesha mwanamke mpelelezi akipigana na dharau za wenzake wa kiume, ilijaribiwa na NBC miaka 20 baadaye na Maria Bello, ikakatwa baada ya sehemu 13. Low Winter Sun ilihamia Detroit 2013 ikiwa na Mark Strong, aliyekuwa ameicheza tayari Uingereza. Nayo ikaisha kwa msimu mmoja.

Waliofanikiwa wana tabia moja inayoonekana: walithubutu kubadilisha swali lenyewe. Hatufim ya Israeli, ya Gideon Raff, ilihusu wanajeshi wanaorudi nyumbani baada ya miaka 17 ya utekwa, na wake na watoto wanaojaribu kuwazoea upya. Ni jambo linaloumiza kila nyumba Israeli. Marekani, jeraha lilikuwa jingine: hofu ya adui aliye ndani ya nchi baada ya Septemba 2001. Homeland, iliyoanza 2011, ikauliza kama mwanajeshi aliyerudi kutoka mikononi mwa watekaji ni yuleyule aliyekwenda. Ilitwaa Emmy ya tamthilia bora mwaka uliofuata ikaendelea mpaka 2020. The Night Of ya HBO, ya 2016, ilitokana na Criminal Justice ya BBC, hadithi ya kijana anayeamka na kukuta msichana aliyelala naye ameuawa. Richard Price na Steven Zaillian walimfanya kijana yule mtoto wa dereva wa teksi wa Kipakistani kutoka Queens, New York, wakampeleka gereza la Rikers Island, wakatuonyesha hatua kwa hatua jinsi mtu ambaye bado hajahukumiwa anavyogeuka ndani ya miezi michache. Tunamwona akiwa na macho ya mwanafunzi, kisha akiwa na kichwa kilichonyolewa na wino kwenye vidole. Riz Ahmed alipata Emmy kwa kazi ile.

Siku hizi mipaka ya zamani imelegea. La Casa de Papel ya Hispania na Squid Game ya Korea Kusini zilifika Marekani moja kwa moja kupitia Netflix, zikiwa na maandishi au sauti zilizotiwa, na zikatazamwa na mamilioni bila kusubiri mtu wa kuziandika upya. Hata hivyo rimeki hazijakoma. ABC ilianza High Potential mwaka 2024, ikitokana na HPI ya TF1 ya Ufaransa: mama wa watoto watatu, mfanya usafi kituo cha polisi, mwenye akili inayoona kile wapelelezi wamekikosa. Imeshika vizuri, na nadhani ni kwa sababu kila sehemu ina kesi inayoanza na kuisha, mtindo ambao televisheni ya Marekani inaujua kwa miaka mingi.

Kwa anayetaka kulinganisha mwenyewe, ushauri wangu ni kuanza na sehemu ya kwanza ya Forbrydelsen, halafu siku hiyohiyo sehemu ya kwanza ya The Killing, ukiangalia hasa wazazi na ile simu. Baada ya hapo, kama muda ni mchache, maliza sehemu 20 za Denmaki kwanza, kisha uruke moja kwa moja hadi msimu wa tatu wa Seattle. Utapoteza baadhi ya historia ya Linden na Holder, lakini kesi yenyewe inajitegemea.